Aliyetoka Kabla ya Kuingia

Mtu huingia kwanza, kisha hutoka. Hilo halihitaji shule, na Aganze, fundi wa kompyuta kutoka Bukavu, alikuwa amelijengea ukurasa mzima wa wavuti. Ofisi yao, juu ya duka la vitambaa pale Alum Rock Road, ughaibuni kwa Waingereza, ilipeleka wahudumu kwa wazee majumbani. Mhudumu akifika alipiga ofisini kwa simu ya mezani ya mzee, akiondoka alipiga tena. Kila simu iliacha namba ya mhudumu, tarehe na saa kwenye database, na ukurasa wa Aganze ukatoa saa ya kuingia katika saa ya kutoka, ionekane amekaa dakika ngapi.

Kwa kuwa wahudumu wengi walikuwa akina mama Wakongomani wasiojua Kiingereza, aliyewapokea kwenye simu alikuwa Orpha, mke wa Aganze na karani wa ofisi, kwa sauti aliyoirekodi Agosti akiwa na mafua: "Karibu ndani." Aganze alijivunia sana wazo hilo. Laiti angalijua.

Jumanne moja ya Novemba 2006, mstari mmoja ulimkaa vibaya machoni. Mhudumu namba sifuri. Ameingia 14:52. Ametoka 14:10. Muda: −42.

Kampuni haikuwa na namba sifuri. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mzee Rajni wa mtaa wa Acocks Green, aliyefariki Oktoba. Mlango ulikuwa umefungwa, ila simu tu ndiyo haijakatwa. Aganze akalaumu saa za majira ya baridi, maana zikirudishwa nyuma huvuruga hesabu. Lakini zilikuwa zimerudishwa wiki mbili kabla. Akakagua seva, saa yake ilikuwa sawasawa.

"Wewe fundi," akasema Harjit, mwenye kampuni, mzaliwa wa Nakuru asiyejua kusubiri, "ripoti ya council, hao wanaotulipa, inaenda kesho. Hiyo minus inatuaibisha. Toa."

"Lakini patron, hakuna mutu mule ndani."

"Toa tu, bwana! Mambo ya watu tutauliza baadaye."

Basi Aganze akaongeza kwenye programu mstari mmoja wa kufuta alama ya kutoa, kila hasi igeuke chanya. Ripoti ikapendeza. Ule ulikuwa uvivu, haufai kupewa jina jingine.

Jumatano namba sifuri akarudi: dakika 97. Alhamisi, 180. Kila mstari ulipotokea, chumba kilinuka ubani uliozimwa kwa maji, ingawa dirisha lilikuwa wazi na baridi ikikata masikio. Aganze akasikiliza simu zilivyorekodiwa. Ya Jumatano: sauti ya Orpha ikasema, "Karibu ndani," pakawa kimya, kisha kitu kikavu kikajaribu, "Ka... ri..." Ya Alhamisi kilitamka yote vizuri kabisa, kwa sauti ya Orpha, hadi mkwaruzo wa mafua. Aganze alivua visikilizio, akavitupa mezani.

Ijumaa mchana akashuka kwa Ameir, Mpemba muuza vitambaa, ambaye watu walisema anayajua mambo haya. Ameir alisikiliza hadi mwisho, akarudishia mlango wa duka.

"Wapo wa namna hiyo," akanong'ona. "Hutangulia kutoka, kisha humtafuta mtu wa kubaki ndani badala yake. Ile alama ilikuwa yakwambia, nawe umeifuta. Na mkeo amkaribisha kila siku! Irudishe. Hiyo sauti izime. Na mkeo mwenyewe asiikanyage nyumba ile, wallahi."

Aganze alipanda ngazi mbili mbili. "Patron, Orpha iko wapi?"

"Nimempa ufunguo, nimemtuma kwa Rajni, achukue faili. Kwani?"

Kwenye skrini: Orpha. Ameingia 14:05. Hajatoka. Muda: 61.

Alipiga simu nyumba ile, ikaita bila kupokewa, na huku simu ikiwa begani akafuta ule mstari wa uvivu, akafuta na sauti ya mkewe, na dakika zikawa 62, zikawa 65, na ubani ukazidi kunuka hata Harjit akaziba pua kwa ncha ya kilemba akiuliza nani anachoma nini humu, na Aganze akimwomba Mungu wa mama yake kwa lugha zote alizokuwa nazo, hadi akasikia viatu vya Orpha kwenye ngazi.

Alimkumbatia akilia. Alimpenda mwanamke yule kuliko pumzi yake.

"Ulisahau kupiga ya kutoka," akamwambia.

"Nimetoka," akajibu Orpha.

Nywele zake zilinuka ubani ule uliozimwa kwa maji. Aganze akaitazama skrini kupitia juu ya bega lake. Mstari wa Orpha ulikuwa bado unahesabu: 67. Chini yake palikuwa na mpya, na alama yake imerudi. Namba sifuri. Ameingia 15:12, ofisini. Ametoka 14:40, Acocks Green. Muda: −32.

Simu ya mezani ikalia. Harjit akaipokea, akamnyooshea Aganze. "Ni Orpha," akasema, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama pale.

"Aganze," mkewe alikuwa akilia kwa mbali, "mulango haifunguke. Kuja unitoshe inje."

Mkono ukatua begani mwake, taratibu.

"Karibu ndani," ikasema sauti nyuma yake, yenye mkwaruzo wa mafua yaliyopona tangu Agosti.