Nilisali Peke Yangu, Wakaniita Mchawi

Nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja aliye hai. Naandika haya nikiwa Ngokolo, mjini Shinyanga, kwa mama yangu mdogo, na mlango nimeufunga kwa komeo ingawa jua limeshapanda. Msinicheke. Mtu akibisha hodi hapa, mimi ndiye ninayekimbilia chumba cha ndani, mtu mzima na akili zangu...

Kabla ya hapo niliishi na mume wangu, Shija, kwenye machimbo madogo ya dhahabu huko Geita. Yeye na wenzake walikuwa na duara lao, yaani shimo la kuchimbia, na mimi nilikaanga maandazi. Tulikuwa na watoto wawili, Kabula na mdogo wake Masanja. Masanja alishikwa na homa, akafariki kabla hajaanza kutembea.

Nilikuwa naimba kwaya katika kanisa moja palepale machimboni. Baada ya mazishi, mzee mmoja wa kanisa alikuja kunifariji, akasema mtoto amekufa kwa sababu imani yangu ilikuwa ndogo. Imani ndogo! Nimekesha na mtoto kifuani, halafu naambiwa mimi ndiye niliyemuua? Jumapili iliyofuata sikwenda, na sikwenda tena. Sikuhamia kanisa jingine wala sikusilimu. Nilikuwa nimewachoka watu, Mungu sikumchoka.

Nikamkumbuka bibi yangu kule Samuye. Kila alfajiri alitoka nje, akajaza maji mdomoni, akaelekea jua linakochomoza na kuyapuliza, kisha akaongea na Mungu kama anaongea na jirani. Nyumba imeamka, ng'ombe wameamka, asante, utulinde. Basi. Nami nikaanza kufanya hivyo nyuma ya nyumba yetu, watu wakiwa bado wamelala. Moyo wangu ukaanza kulegea. Nilimwambia Mungu mambo ambayo kanisani nisingethubutu kuyatamka. Hata kumlaumu, nilimlaumu.

Shija sikumwambia. Niliona ni yangu na Mungu wangu, inamhusu nani? Aliyejua ni mmoja tu, rafiki yangu Mama Neema, tuliyekuwa tukikaanga naye maandazi. Aliniuliza mbona siku hizi uso wangu umepata nuru, nikamsimulia. Akasema ni jambo jema.

Kisha duara likawa gumu. Walichimba mawe matupu, mara maji yakajaa chini, mara ukuta ukabomoka na kumvunja mguu binamu yake Shija. Kwa wachimbaji, mambo yakifuatana hivyo hakuna anayesema ni bahati mbaya. Wakaenda kwa mganga apige ramli. Akawaambia kuna mwanamke anayetoka kabla ya jua na maji mdomoni, na maji hayo ndiyo yanayojaa duarani.

Mganga alijuaje? Baadaye nikasikia kwamba alikuwa akinywa chai kwa Mama Neema kila siku. Sijui rafiki yangu alitaka nini. Mpaka leo sijui.

Tangu hapo niliishi kama mtu anayesubiri kupigwa. Nikifika kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao na kuondoka, hata ambazo hazijajaa. Nikiwasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wanatazama chini. Asiyetoka ukanda wetu labda hajui neno mchawi lina uzito gani huku. Nimekua nikisikia habari za bibi vizee waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu. Na mimi yangu yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko! Nikawa nayaosha kila mara, nikijitazama kwenye kioo, nikiyaosha tena...

Mchana mmoja tukiwa tunakula, Shija akaniuliza taratibu.

"Mama Kabula, hivi wewe unamwomba nani?"

Nikamjibu namwomba Mungu.

"Mungu wa wapi? Wa kanisani umemwacha. Wa msikitini humjui."

Nikasema ni huyohuyo mmoja. Akaisukuma sahani. Akaniambia wenzake wanataka nipelekwe kwa mganga nikanywe dawa ya kiapo, na kama sina kosa haitanidhuru. Nikamsihi awaambie kwamba yeye ananijua. Akasema hawezi, watadhani tunashirikiana. Tulikuwa tumezika mtoto pamoja, jamani.

Nikakimbilia kanisani. Mchungaji alinipokea vizuri, lakini akasema hawezi kunitetea kwa kuwa hajui siku hizi nasali kwa nani. Kwanza nitubu mbele ya watu, nikiri kuwa nilikuwa naabudu mizimu. Nikaondoka. Kukiri mbele ya watu wale si ndiyo kuwapa panga mkononi?

Siku ya kupelekwa kwa mganga ilipokaribia, niliaga kwamba nakwenda kununua unga wa ngano. Nikapanda bodaboda hadi stendi, kisha basi la Shinyanga. Kabula alikuwa shuleni. Ningepita kumchukua wangenishtukia, nikajiambia ana baba yake, hawatamgusa. Nilimwacha...

Haukupita muda mrefu wifi yangu, dada yake Shija, akanipigia simu, akiongea kwa sauti ya chini.

"Wifi, njoo umchukue mtoto. Asubuhi anatoka nje na maji mdomoni. Anasema anamwomba Mungu akurudishe. Watu wameshamwona."

Kumbe siku zote alikuwa akinichungulia dirishani! Miaka tisa tu...

Nilirudi. Nilikwenda na mama yangu mdogo, na mwenyekiti wa kitongoji tuliyempigia simu alitupokea na kutusindikiza mchana kweupe. Watu walisimama kila upande wakitutazama. Shija alimtoa mtoto ndani, akanikabidhi, hakunitazama.

Asubuhi ya kwanza hapa Ngokolo nilimkuta Kabula uani na kikombe cha maji. Nikampokonya, maji yakamwagika. Nikamwambia asirudie kabisa, tutasali kitandani, midomo ikiwa imefungwa.

"Kwani Mungu amekataa, mama?"

Nikaokota kikombe, nikamshika mkono na kumwingiza ndani.

Wasomaji wenzangu, simwambii mtu arudi kanisani wala aache kanisa. Namwambia anayesali peke yake kama mimi: usijifiche. Waambie wa nyumbani kwako mapema, majirani wakuone, wajue unasema nini na unamwambia nani. Nilidhani siri inailinda sala yangu, kumbe niliwaachia wengine kazi ya kuieleza. Na wewe uliyemwona jirani akifanya usichokielewa, muulize yeye mwenyewe kabla hujaenda kwa mpiga ramli.

Nilikimbia ili niendelee kuongea na Mungu wangu, halafu mwanangu nikamziba mdomo kwa mikono yangu mwenyewe. Sasa kila anapotaka kusali, Kabula ananitazama mimi kwanza, aone kama nimekubali, ndipo anafumba macho. Nawasihi, msimfikishe mtoto wenu hapo.