Muda Mfu wa Ukumbi wa Tuinuke

Mpimaji alimzunguka Mzee Lameki Chidumizi mara tatu bila kumgusa. Alikuwa mashine nyembamba yenye urefu wa mlango na macho kumi na mawili. Jicho moja lilihesabu mapigo ya moyo, jingine lilipima uimara wa mifupa, na jingine, ingawa ni jicho, lilinusa pumzi. Sekunde tisa tu, kazi ikaisha.

"Ukumbi wa mazoezi unaokufaa ni Kilele," Mpimaji alisema kwa sauti ya upole. "Ghorofa ya arobaini. Unakufaa kwa asilimia tisini na saba."

"Ghorofa ya arobaini?" Mzee alimgeukia binti yake. "Nikanyanyue vyuma na tai?"

Sechelela alicheka, lakini kwa kujivuna kidogo, maana Mpimaji alikuwa kazi ya mikono yake. Mwaka huo wa 2094 Dodoma ilikuwa na kumbi za mazoezi mia tisa. Zamani watu walichagua kwa kubahatisha. Huyu alifuata vioo vinavyong'aa, yule alimfuata shemeji yake, na baada ya wiki mbili wote walikuwa wamerudi kwenye makochi yao. Mhandisi Sechelela ndiye aliyetunga kanuni ya kumlinganisha mtu na ukumbi, na watu milioni mbili walikuwa wameshachaguliwa ukumbi kwa kanuni hiyo.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa na hofu. Baba yake alikuwa mgane wa miaka sabini na minane. Miezi miwili nyuma aliteleza jikoni, akalala sakafuni kwa saa sita kabla ya mtu yeyote kujua. Ofisi ya afya ilimpa siku tisini. Zikiisha naye hajaweza kuinuka mwenyewe kutoka sakafuni, atahamishwa kutoka nyumba yake ya mtaa wa Kikuyu, aliyoishi na marehemu mkewe miaka arobaini na sita, apelekwe kwenye makao ya uangalizi.

"Afadhali mnizike," Mzee alikuwa amesema, na hakuwa anatania.

Huko Kilele kila mtu alikuwa na kibanda chake cha kioo. Mzee alivalishwa vazi-msukumo, nguo nyepesi iliyofumwa kwa nyuzi zinazojikaza na kulegea kama misuli. Vazi lilimkunja magoti, likamnyoosha, likamkunja tena. Baada ya nusu saa alitoka akiwa hajasema neno na mtu.

"Hivi mwanangu, nimefanya mazoezi au nimefanyiwa?"

Walipokuwa wakirudi, walipita nyuma ya soko la Chang'ombe. Mzee alisikia watu wakicheka ndani ya jengo moja la chini, akang'ang'ania waingie. Ulikuwa ukumbi wa Tuinuke, ambao katika orodha ya Mpimaji ulikuwa na asilimia arobaini na moja tu. Ndani mlikuwa na vyuma vya kizamani, kamba na mikeka. Kocha Perusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliwapokea mlangoni.

"Karibuni. Ila hapa hatuanzi mpaka tusalimiane."

Wakasalimiana kweli. Watu waliulizana habari za watoto, za mbuzi, za magoti, za yule shangazi aliyekwenda kuishi mwezini na haandiki. Sechelela alitazama saa yake: dakika ishirini na tatu! Katika kanuni yake dakika hizo zilikuwa na jina. Aliziita muda mfu.

Kisha kila mgeni alipewa jirani wa mkeka. Kazi ya jirani ilikuwa moja: usipoonekana siku mbili, anakuja kugonga mlango wako. Mzee alipewa Mzee Ndahani, fundi roboti mstaafu, mbishi kama yeye. Walibishana juu ya mpira tangu kunyoosha shingo hadi mwisho wa kipindi.

"Mimi nimepapenda hapa," Mzee alisema wakiwa nje.

"Baba, una siku tisini tu. Hawa karibu nusu ya kipindi wanaulizana habari za mbuzi!"

Mzee alimtazama. Aliiona hofu machoni mwa mtoto wake, akakubali Kilele. Wazazi hukubali mengi kwa namna hiyo.

Kilele walimruhusu avae vazi nyumbani, na kila jioni ripoti ilifika kwenye bangili ya Sechelela. Bora, ilisema. Bora. Wiki ya tano, Jumanne, ikapanda: Bora sana. Jumatano tena: Bora sana. Joto la mwili limepanda, moyo unakwenda kasi, jasho ni jingi. Bidii ya kupigiwa mfano. Sechelela aliwaonyesha wenzake kazini, akamtumia baba yake salamu za pongezi. Hazikujibiwa, naye akadhani mzee amepumzika. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilimziba macho.

Alhamisi mchana simu ikaita.

"Mimi Ndahani, jirani wa mkeka wa baba yako."

"Shikamoo, baba. Lakini baba yangu anafanyia mazoezi Kilele."

"Marahaba. Kumbe hakukwambia? Kila asubuhi anapita kwetu. Hafanyi zoezi hata moja, anasema binti yake amemkataza. Anasalimia tu, anarudi kuvaa lile vazi lenu. Sasa siku mbili hatujamwona, nimekuja kugonga. Njoo hospitali, mama. Njoo sasa hivi."

Ndahani alikuwa amemkuta chumbani, chini, kando ya kitanda. Homa ya mapafu ilikuwa ikimchoma, na vazi liliendelea kumkunja magoti na mikono na kumnyoosha, kama lilivyoagizwa. Halikuwa bovu. Kipimo cha bidii lilikipata kwenye kanuni ya Sechelela, na kanuni ilisema joto, jasho na mapigo ya moyo ni juhudi. Haikuwahi kuuliza kama mtu anaumwa.

Sechelela alikaa kando ya kitanda cha hospitali, akaushika mkono wa baba yake na kuuweka shavuni.

"Nisamehe, baba."

"Nilitaka kukupigia," Mzee alisema kwa shida, "ila mikono yangu ilikuwa na kazi."

Sechelela alilia mbele ya wauguzi wote, bila aibu.

Mzee alipopata nafuu, ofisi ya afya ilimwongezea siku arobaini, naye akazitumia zote Tuinuke. Sechelela alirudi kwenye kanuni yake. Kosa la homa alilirekebisha kwa mchana mmoja. Ule muda mfu ulimsumbua siku tatu. Alijaribu kuzipa salamu thamani ya namba, kila namba ikawa ya uongo. Mwishowe aliufuta mstari wote wa muda mfu. Mpimaji sasa hutaja kumbi tatu, kisha humwambia mtu: nenda ukaone mwenyewe, ndipo uchague. Mkuu wake wa kazi alilalamika kwamba hiyo si sayansi.

"Kukiri usichoweza kukipima ni sayansi," alimjibu.

Siku ya mtihani Mzee Chidumizi alilala chali sakafuni mbele ya ofisa wa afya. Aligeuka ubavu, akaweka goti, akatweta, akasimama. Alirudi Kikuyu kwenye nyumba yake. Kesho yake asubuhi Sechelela alifuatana naye Tuinuke, akaomba kujiandikisha.

Kocha Perusi alimpa karatasi. Jina alijaza, umri alijaza. Swali la mwisho likamkwamisha: Usipoonekana siku mbili, nani atakuja kugonga?

Aliwafikiria wenzake wa kazini. Wangemtumia ujumbe. Aliwafikiria majirani wa ghorofa ya kumi na tisa, Ihumwa, alikoishi miaka kumi na moja. Hakujua jina la hata mmoja. Alitaka kuiacha nafasi ile wazi, lakini baba yake alikuwa ameshalisoma swali akichungulia juu ya bega lake. Alimpokonya kalamu, akaandika polepole: Lameki Chidumizi.

"Baba, nakaa ghorofa ya kumi na tisa. Lifti ikigoma je?"

"Nitapanda ngazi," alisema Mzee. "Unadhani nilikuwa nahangaika kuinuka kwa ajili gani?"