Usimwite Mtoto Juu ya Maji

Waliokuwa ndani ya boti siku ile ni Kageha, mume wake Mathews, binti yao Shantel wa miaka minne, na Opondo, mwenye boti. Hakukuwa na mtu mwingine. Ni vizuri hilo lijulikane mapema.

Ilikuwa likizo ya Agosti, na Shantel alikuwa ameomba kuona viboko tangu Pasaka. Pale Dunga, kwenye ufuko wa ziwa, Opondo alipoona kiti cha boti kimelowa, alivua koti lake akalitandika ili mtoto akalie pakavu. Kageha aliliona jambo hilo akaliweka moyoni.

"Sheria yangu ni moja tu," Opondo alisema akisukuma boti. "Tukiwa juu ya maji hatuitani majina. Mimi ni Mzee. Nyinyi ni Mama na Baba. Huyu ni mtoto, basi."

"Kwani viboko wanaandikisha watu?" Mathews akatania.

"Kiboko hana shida, Baba. Kiboko anataka tu kujua umefika."

Kageha na Mathews walikuwa watu wa Maragoli waliohamia Nyamasaria kutafuta kazi. Ziwa walilijua kwa samaki wa sahani tu. Walicheka. Opondo hakucheka.

Karibu na matete alizima injini, akagonga ubavu wa boti kwa kasia, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anavyobisha hodi. Viboko wakaibuka wakipumua kwa kishindo, masikio madogo yakitikisika, maji yakiwatiririka usoni. Shantel alifurahi mno. Akainama kuyashika maji, na boti ikalala upande.

"Shantel!" Kageha aliita, akamdaka kwa gauni.

Viboko wote walizama kwa pamoja, bila kuacha hata povu. Kisha, kutoka ndani ya matete, sauti ya mwanamke ikaita polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Shantel."

Ilikuwa sauti ya Kageha mwenyewe.

Opondo aligeuza boti. Alipiga kasia mpaka ufukweni, akambeba mtoto begani ili miguu yake isiguse maji, kisha akampa Mathews namba yake ya simu.

"Akiitwa na mtu asiyeonekana, asiitike," alinong'ona. "Mkisikia kitu, nipigieni. Msione haya."

Mwanzoni ilikuwa harufu tu, harufu ya magugu maji yaliyooza, ndani ya nyumba iliyopigwa deki asubuhi. Kageha aliosha kila kona na haikuondoka. Halafu jioni moja alikuwa akikanda unga wa chapati, Shantel ameketi karibu naye na mwanasesere wake, mtoto akainua kichwa akatazama mlango.

"Nakuja, Mama."

"Nani amekuita?"

"Wewe."

"Mimi niko hapa na wewe."

"Na nje pia uko," mtoto alisema. Hakuwa na woga hata kidogo, na hapo ndipo Kageha alipoogopa.

Kesho yake alikuwa akianika nguo. Alipogeuka, mtoto hayupo. Akamwona kwenye njia inayoshuka mtoni nyuma ya nyumba, mto ule unaokwenda ziwani, akitembea polepole huku mkono wake mmoja ameuinua juu, kiganja kimefumbwa, kama watoto wanavyotembea wakiwa wameshikwa mkono na mtu mzima. Kando ya nyayo zake ndogo, kwenye vumbi kavu, kulikuwa na nyayo nyingine, pana, zilizojaa maji.

Kageha alikimbia bila kuita. Alipomnyakua, mkono ule ulikuwa baridi na umelowa, na ulichukua muda kuachiliwa.

Mathews alipiga simu, na Opondo akafika kabla ya giza kuingia, kwa pikipiki, pamoja na mama yake mzazi, Elsie, ambaye kule kwao ndiye huitwa pale mtoto mchanga anapolia bila kunyamaza. Shantel alikuwa akitetemeka mapajani pa baba yake.

"Kwenu mtoto wa namna hii mnamfanyia nini?" Elsie aliuliza.

"Tunamwombea, Mama," Kageha alisema. "Tumeomba mchana kutwa."

"Vizuri, endeleeni. Sisi pia tunaomba, halafu tunamtajia majina ya wafu wetu. Jina likimtuliza, ndilo lake. Hilo la kwanza limeshajulikana huko nje. Mkishampa lingine, msilirudie kamwe. Mtaweza?"

Kageha alitazama kikombe cha plastiki mezani, kilichoandikwa jina alilolichagua yeye mwenyewe akiwa mjamzito. Akaitikia kwa kichwa.

Mlango ukafungwa, na Elsie akaanza kutaja, Awino, Adongo, Anyango, jina moja baada ya jingine, na mtoto alizidi kutetemeka, na nje ya dirisha ile sauti ikaanza kuita Shantel, kwanza kwa upole, halafu kwa kubembeleza, halafu kwa kilio cha mama aliyefungiwa nje asimwone mwanawe, kilio kilichofanana sana na cha Kageha hata Mathews akamgeukia mkewe kuhakikisha midomo yake imefumbwa, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango, na majina ya Elsie yakaisha.

"Mtajie Akelo," Opondo alisema.

"Aliyekufa maji hatajwi, mwanangu."

"Mtajie, Mama. Binti yangu aliitwa na mama yake tukiwa kwenye boti, na yule wa majini akamchukua. Jina lake limeshaliwa. Halina kazi tena huko."

Elsie akatikisa kichwa. Kwa hiyo Opondo mwenyewe akapiga magoti, akashika miguu midogo ya mtoto kwa mikono yake mikubwa.

"Akelo," alisema. "Akelo, nyathina. Mtoto wangu."

Mtoto akavuta pumzi ndefu, akatulia, akamtazama. Nje, sauti iliita Shantel mara nyingine, kisha zikasikika hatua nzito zenye maji zikishuka mtoni.

Kageha alikitupa kikombe kwenye moto wa jiko. Alilia bila sauti, na Opondo akamfunika mabega kwa lile koti lake.

Akelo sasa anasoma Awasi, mbali na ziwa, walikohamia mwezi uliofuata. Opondo bado anawapeleka watu kuona viboko, na kila akigonga boti karibu na matete, sauti ya Kageha humwita Shantel.