Mzigo Ukiwa Hewani

Saa sita mchana yadi ya mashine ilikuwa imejaa malori, wapagazi na wateja wenye haraka. Dereva mpya wa lori la kreni, msichana aliyekuwa na wiki mbili tu kazini, alikuwa ameining'iniza pasi kubwa ya mvuke mita mbili juu ya ardhi. Hapo ndipo kijana mmoja mwenye shati jeupe, mikunjo yake mikali kama wembe, alipopenya katikati ya watu, akasimama chini ya mzigo na kuanza kuufuta vumbi kwa leso.

Dereva alisimamisha kreni, akapiga honi ndefu.

"Wewe! Toka chini ya mzigo!"

"Mashine ni yangu, dada."

"Na kichwa ni cha nani?"

Wapagazi waliangua kicheko. Mzigo ulipotua, kijana alimfuata.

"Nina miaka saba ya udobi, na sijawahi kufokewa na mtu mwenye doa la grisi kubwa hivyo."

"Doa haliui."

"Linaniua mimi. Niletee hiyo ovaroli."

Alimpelekea kesho yake. Ilirudi imetakata, ina mkunjo mguu mzima, na mfukoni mna namba ya simu. Wenzake walimcheka kutwa: ovaroli ya kwendea harusini! Jioni alipiga.

Miezi miwili ikapita hivyo, simu juu ya simu.

"Uko wapi, laazizi?"

"Nakunja miguu."

"Ya nani?"

"Ya lori, mwenye wivu wewe!"

Dobi alimpa jina la Mwendopole, kwa kuwa hata gauni la buluu la kutokea aliliangalia mishono mara mbili kabla ya kulivaa. Hakukasirika. Aliona ni maelezo sahihi.

Kisha Dobi akafungua duka jipya la ghorofa moja: kufulia chini, kukaushia juu. Mashine ya kukaushia, kilo mia sita, ilipaswa kupandishwa hadi roshani. Aliomba Mwendopole ndiye aipandishe, na siku hiyo akamwalika mama yake, mwanamke mrefu mwenye maneno ya kuhesabu, aje amwone mkwe mtarajiwa.

Mwendopole aliegesha uani na kutoa miguu ya kreni, ile inayolizuia lori lisipinduke. Mguu wa kulia uliangukia kwenye sakafu ya zege. Kabla ya kuukandamiza aligonga pale kwa nondo. Sauti ilirudi kama ya ngoma.

"Chini ya hapa kuna nini?"

"Zege," alisema Dobi.

"Chini ya zege."

"Nitajuaje? Nyumba nimepanga."

Mwendopole akaanza kukunja miguu. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani. Dobi alimsogelea, akanong'ona, "Mpenzi, mama anatazama. Kwa ajili yangu tu."

"Mguu huo utabeba tani kadhaa. Haujui mapenzi."

"Unaniaibisha!"

Mama mtu alitamka maneno mawili tu, tena akimtazama mwanawe: "Hasikii huyu."

Mwendopole aliondoka. Lori lingine likaja, likaweka mguu palepale na kupandisha mashine kwa dakika ishirini. Hakuna kilichoanguka. Yadini msimamizi alimkumbusha kwamba bado yuko kwenye majaribio, na wenzake wakamuuliza kama anaogopa hata ngazi. Simu ya Dobi ikanyamaza.

Mwendopole alirudia hesabu mara nyingi. Uzito alikuwa anaujua, umbali wa kufikia alikuwa anaujua. Ardhi hakuijua, na hilo ndilo lililomfanya akunje miguu. Lori la pili kutoanguka hakukumwambia lolote kuhusu ardhi. Hesabu ilikuwa sawa kila mara, na kila mara alipomaliza aliitazama simu.

Wiki tatu baadaye ikalia.

"Kuna ufa," alisema Dobi bila salamu. "Pale mguu ulipokaa. Nimenyoosha waya wa hanga nikauchomeka. Umezama wote, haukugusa kitu. Mwenye nyumba anasema ni karo la zamani, shimo la maji machafu, lilifunikwa tu."

"Usikanyage hapo! Zungushia kamba."

"Nimeshazungushia. Mama kakaa kando ya kamba kama askari, hata paka hapiti. Nilikuona mkaidi. Nisamehe, Mwendopole."

"Ungeweza kupiga simu hata kama zege lisingepasuka."

"Ningeweza. Nilikuwa naona haya."

Mwendopole aliona jibu hilo ni la kweli, na lilimtosha.

"Ninayo mashine ya pili, uzito uleule," Dobi aliongeza. "Nimemwambia msimamizi wako: aje yule, au kreni isije."

Safari hii Mwendopole aliegesha barabarani, mbali na uani. Kutoka hapo mkono wa kreni ulipaswa kufika mita tisa, na jedwali lililobandikwa kwenye kreni lilimruhusu kilo mia nne na hamsini tu kwa umbali huo. Basi mashine ikafunguliwa, ngoma yake ikapanda peke yake. Dobi alisimama roshanini kutoa ishara.

"Nafuata ishara zako tu," Mwendopole alimwambia. "Lakini ishara ya kusimama natii ya yeyote, hata mpita njia."

Kisha bodi la mashine lilipofika usawa wa roshani, mama wa Dobi, aliyesimama chini mlangoni, alinyanyua mikono yote miwili: simama. Kreni ikasimama papo hapo.

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna. Nilitaka kuona kama unasikia."

"Mama!" Dobi alipiga kelele kutoka juu.

Mwendopole hakucheka. "Nimesikia, mama. Ila usirudie, tafadhali. Ukinidanganya leo, kesho nitasita kwenye la kweli."

Mama akashusha mikono.

"Nimekoma, mwanangu. Siku ile nilikukosea. Njoo ndani tuzungumze, huyu ameniambia anataka kukuoa."

Uso ulimwaka moto. Mikono ya Mwendopole haikuachia vishikio vya kreni.

"Mzigo ukiwa hewani siondoki, mama."

"Basi utue. Nitangoja."

Ulitua. Akakunja mkono wa kreni, akaanza miguu, pini moja baada ya nyingine, huku mama akingoja mlangoni na taulo safi begani.

"Mwendopole, harakisha basi!" Dobi aliita. "Unafanya nini huko?"

"Nakunja miguu."

"Ya nani?"

"Ya lori, wewe!" mama alimkemea mwanawe. "Mwache amalize."