Karatasi ya Mahudhurio

Siku Mwanahawa alipokutana na Dadi, umeme ulikuwa umekatika Kasulu nzima, na watu wapatao kumi walikuwa wamebanana kwenye steshenari ya Badru wakingoja urudi watoe kopi. Uliporudi, kila mtu alisukuma karatasi zake mbele, Badru akazichanganya, na Mwanahawa alikuwa ameshafika mlangoni na vyeti vyake aliposikia sauti ya kiume nyuma yake.

"Samahani, dada. Umeondoka na nyumba zangu arobaini."

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la rangi ya maziwa limenyooshwa kwa pasi, viatu vimejaa vumbi jekundu la mjini. Na kweli, katikati ya vyeti vyake kulikuwa na ramani ya nyumba.

"Ningechukua moja tu," Mwanahawa alisema. "Hizo thelathini na tisa ungenifanyia nini?"

"Basi chukua hiyo moja. Nitakuonyesha ilipo."

Mzaha huo ndio uliomponza. Nyumba zenyewe zilikuwa zinajengwa bondeni, pembeni mwa barabara ya kwenda Kibondo, zote bati jekundu na ukuta mmoja wa kuzizunguka, na Dadi alikuwa ofisa wa kampuni iliyozijenga. Mwanahawa alikuwa na akiba. Kwa miaka sita alifanya kazi ya ukalimani kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Nduta, maana Kiha alichozaliwa nacho na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Wahisani walipopunguza wafanyakazi alipata kazi ileile kwa njia ya video: daktari yuko mbali, mama mgonjwa yuko kambini, yeye yuko katikati akiwaunganisha. Kazi hiyo haikutaka mengi. Ilitaka intaneti isiyokatika.

Kwa hiyo kabla hajatoa hata senti alimuuliza Dadi, maana bondeni kule simu ilishika kwa kubahatisha. Dadi alimhakikishia kwamba waya utafika kila nyumba, na kila mwenye nyumba atachagua kampuni aitakayo. Alisema hivyo akimtazama usoni, na Mwanahawa aliamini jibu pamoja na macho yaliyolitoa.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Asubuhi Dadi alipiga kuuliza kama malkia wake ameamka. Mchana alipiga kuuliza amekula nini. Mwanahawa akisema maharage, Dadi alilalamika kwamba mwanamke mzuri namna hiyo hafai kula maharage peke yake. Akisema yuko kazini, Dadi aliomba akalimaniwe kwa Kirundi maneno matatu tu, na Mwanahawa alikata simu huku akicheka. Alikuwa na miaka thelathini na moja na hakudhani kwamba bado angeweza kucheka hivyo.

Siku ya kukabidhiwa funguo alivaa kitenge cha kijani alichoshonewa kwa ajili hiyo, na kilemba chake akakifunga juu. Wakazi arobaini walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Dadi alimsogelea na karatasi, akamwomba kwa sauti ya chini aizungushe yeye, kwa kuwa watu wanamfahamu na wanamwamini. Alikuwa ameandika juu yake kwa mkono: Mahudhurio, Siku ya Kukabidhiwa Funguo. Mwanahawa alikuwa wa kwanza kuandika jina lake, akasaini, akaanza kupita. Hakuna aliyeuliza kitu. Huku kwetu, miaka mingi ya semina imetufundisha: mtu husaini kwanza, soda hufuata. Mzee Tharsisi, mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu, hata miwani hakuivaa.

Kabla hajampa mtu wa kwanza, Dadi alikuwa amemzuia. "Simama hapohapo," alisema, akachukua simu ya Mwanahawa mkononi mwake. "Umependeza mno leo. Inua hiyo karatasi kidogo."

Akampiga picha. Ikawa picha aliyoipenda kuliko zote.

Waya ulifika, wa kampuni moja. Asubuhi ulikwenda kwa kusuasua, na watoto wakitoka shule ulikufa kabisa. Wiki ya pili mama mmoja wa Nduta alikuwa anamweleza daktari jinsi mimba yake ilivyoacha kucheza, picha ikaganda, sauti ikakatika. Mwanahawa alipofanikiwa kurudi, mama alikuwa ameshaondoka. Msimamizi wake alimwambia bila ukali kwamba ikitokea tena watatafuta mtu mwingine. Tangu siku hiyo, kila zamu alipanda kilimani na simu na mwavuli, akafanyia kazi huko kwenye upepo.

Wakazi walijichangisha wakaita fundi wa kampuni nyingine. Mlinzi alimzuia getini, akasema ana maagizo. Mzee Tharsisi alikwenda ofisini kuuliza, akarudi na kopi ya mkataba: kwa miaka kumi, ndani ya ukuta ule, kampuni moja tu ndiyo itakayouza intaneti. Nyuma ya mkataba kulikuwa na ukurasa wenye kichwa cha habari Wakazi Waliokubali, na chini yake majina arobaini yenye saini. La kwanza lilikuwa la Mwanahawa.

Majirani hawakumtukana. Waha si watu wa kelele. Waliacha tu kumsalimu. Mzee Tharsisi, ambaye kila asubuhi alimwamkia kwa Kiha "mwanangu, mwakeye," alipita mlangoni kwake akitazama mbele. Mwanahawa, ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kuaminiwa kwamba anachokisema ndicho kilichosemwa, sasa alikuwa mtu aliyewauza majirani zake kwa soda. Aliona heri angepigwa.

Alimpigia Dadi.

"Ile karatasi ilikuwa ya mahudhurio," alisema.

"Laazizi, nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza."

Dadi alieleza mambo mengi. Bosi alitaka ridhaa ya wakazi kwa haraka. Angeanza kumweleza kila mtu, wangebishana mwezi mzima. Alifunika kile kichwa cha habari kwa kipande cha karatasi chenye kichwa kingine, akatoa kopi kwa Badru, basi. Kwake intaneti ni intaneti, iwe ya huyu au ya yule. Na aliambiwa akifanikisha atapewa ofisi ya Kibondo, na Mwanahawa alijua kwamba anaitafuta nafasi hiyo ili wafunge ndoa.

"Nilifanya kwa ajili yetu," alimaliza.

"Mbona ulinipa mimi niizungushe?"

"Wewe wanakuamini," Dadi alisema.

Mwanahawa alikata simu, akakaa sakafuni katika nyumba yake mpya, akalia mpaka kilemba kikafunguka. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote.

Alimtaka jambo moja tu: aandike barua kwa wakazi, aseme karatasi ile ilikuwa ya nini na nani aliibadilisha. Dadi alijibu kwamba anafikiria. Wiki tatu akafikiria, na katikati yake akahamishiwa Kibondo.

Ijumaa, baba yake mdogo, Mzee Abdalah mwenye duka la vitambaa mjini, alimwita nyumbani kwake. Washenga watatu walikuwa wamekuja, wamenyoa, wamevaa kanzu, wakaacha barua ya posa juu ya meza. Mzee Abdalah alifurahi waziwazi. Kabla Mwanahawa hajaigusa bahasha, simu yake ikaita.

"Imefika?" Dadi aliuliza. Sauti ilikuwa ileile ya zamani, laini. "Hawa wangu, ile barua nyingine nayo nimeiandika. Yote, na jina langu. Kesho nasikia mna mkutano na afisa wa halmashauri. Ukikubali posa, nitaileta mwenyewe."

"Na nisipokubali?"

Alimsikia akivuta pumzi. "Sasa nipoteze kazi na wewe nikukose? Utakuwa umenionea."

Hapo ndipo Mwanahawa alipomwelewa. Mpaka dakika ile alikuwa amemtafutia visingizio: bosi, haraka, ujinga wa siku moja. Kumbe ndivyo alivyo. Atakufungia milango yote, akuachie mmoja, kisha akuulize kwa upole kama umependa kupita hapo. Alimwambia amesikia, akamuaga vizuri, akaichukua bahasha kwenda nayo nyumbani.

Jumamosi viti vilevile vya plastiki vilipangwa. Mwakilishi wa kampuni ya kina Dadi alisoma majina arobaini mbele ya afisa, kwa sauti ya ushindi. Mwanahawa alisimama amevaa kile kitenge cha kijani. Alisema kwamba karatasi aliizungusha yeye, hakumlaumu mtu kumkasirikia, na aliyempa alikuwa mchumba wake. Watu waliguna. Kisha akampelekea afisa simu yake.

Ilikuwa picha ile. Alikuwa anacheka, kichwa amekiinamisha kwa mtu anayempiga picha, uso wote umejaa mapenzi mbele ya watu arobaini watakaoiona. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akaweka vidole viwili kwenye kioo akaikuza picha. Uso wake ukatoka nje ya kioo, kilemba kikatoka, ikabaki karatasi. Saini ilikuwa moja tu, ya kwake, na juu yake mwandiko wa Dadi ulisomeka vizuri.

Afisa alisoma kwa sauti: "Mahudhurio."

Mzee Tharsisi aliomba simu, akavaa miwani, akasoma mwenyewe mara mbili. Mwakilishi alisema hana taarifa na jambo hilo. Afisa aliuchukua mkataba ule, akaagiza geti lisimzuie fundi yeyote mpaka utakapochunguzwa. Watu walipotawanyika, mzee alisimama mbele ya Mwanahawa.

"Mwanangu, mwakeye," alisema, ingawa ilikuwa saa tisa mchana.

Nyumbani aliifungua barua ya posa. Mwandiko ulikuwa mzuri, na alilia tena alipofika mahali Dadi alipoandika habari za umeme kukatika kwa Badru. Desturi inataka barua ijibiwe kwa barua. Mzee Abdalah alikuwa tayari kumsaidia maneno, marefu na ya heshima, lakini Mwanahawa alisema yake yanatosha. Alichukua karatasi, akaandika tarehe, na chini yake mstari mmoja:

"Nimeisoma yote mpaka mwisho. Hapana."

Akasaini.