Maji Kichwani mwa Soila

Soila aliamka alfajiri kukamua ng'ombe. Hakumaliza. Kichwa kilimgonga mpaka kibuyu cha maziwa kikamponyoka. Mumewe, Yiamat, akampeleka hospitali mjini Arusha.

Daktari alimpima, akasema, "Ubongo umevimba kwa maambukizi. Nitakupa sindano. Lakini lazima nijue maji yamejaa kiasi gani. Yasipopungua kwa wiki mbili, tutapasua."

Soila akaogopa kisu kuliko ugonjwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, hospitali za binafsi zikianza kuleta mitambo mipya. Soila akaingizwa chumba chenye mtambo wa kupiga picha za ndani ya mwili, kama pipa lililolazwa. Mpiga picha, Tabitha, akampokea.

"Shikamoo, mama. Vua kila chuma. Ndani mna sumaku kubwa."

"Marahaba. Na bangili hizi? Nilivishwa siku ya harusi."

"Hata hizo, mama. Sumaku itazivuta, uumie."

Yiamat akakunja uso. "Mashine hiyo itamnyonya maji?"

"Hapana, baba. Hainyonyi wala haichomi. Mwili wetu una maji mengi. Sumaku inayaamsha, nayo yanatoa ishara. Maji yakizidi, ishara inazidi. Kompyuta inaigeuza kuwa picha na hesabu."

"Mtajuaje kuwa hesabu ni ya kweli?"

Tabitha akaonyesha kichupa. "Hiki kina maji matupu, mia kwa mia. Tunakiweka kando ya kichwa chake, tunalinganisha."

Yiamat akafikiri kidogo. Kisha akaomba sabuni, akazivua bangili za mkewe taratibu.

Soila akalala tuli. Mtambo ukagonga kama mafundi wanaoezeka bati. Alipotoka, Tabitha akamsomea, "Penye uvimbe, sehemu themanini na tatu kati ya mia ni maji. Kawaida ni kama sabini."

Akalazwa, akachomwa sindano kila siku. Wiki ya pili kichwa kikaacha kuuma.

"Umepona," Yiamat akasema. "Twende nyumbani."

"Bado," Soila akajibu. "Kutoumwa si kupimwa."

Safari hii aliingia mwenyewe mtamboni, hakushikwa mkono. Wakasubiri majibu. Daktari akatoka na karatasi, akitabasamu.

"Sabini na moja. Hapasuliwi mtu hapa. Malizia dawa tu."

Yiamat akageukia ukuta, akafuta macho.

Mwezi uliofuata daktari alimruhusu kufanya kazi. Wanawake wa kanisani wakamkuta njiani, wakamuuliza kama kweli kichwa kimepona.

"Sabini na moja," akawaambia. Akajitwisha debe la mahindi, akawatangulia sokoni.