Kila Saa Nane

Kengele ya kutoka ikilia, Shamsia hasubiri mtu. Wenzake wa darasa la sita wanabaki uwanjani wakicheza rede, yeye huyoo, mbio nyumbani. Mama yake, Zamda, hushinda kwenye kibarua cha kukata mkonge, na siku hizo mdogo wake Sabiri, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa na nimonia. Jirani alimwangalia, lakini kumpa dawa ya mchana ilikuwa kazi ya Shamsia.

Daktari Yusta wa kituo cha afya alikuwa amesema wazi: "Mpeni kijiko kimoja kila saa nane." Basi saa nane mchana Shamsia alimpa dawa, na saa nane usiku mama aliamka akampa. Hawakukosa hata mara moja. Hata hivyo, Sabiri alizidiwa. Alihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani, na uji akaukataa. Zamda akambeba, Shamsia akachukua chupa ya dawa, wakarudi kituoni.

Mbele ya Daktari Yusta, muuguzi Simeo aliiinua ile chupa akaitazama.

"He! Dawa yote hii imebaki? Mama, huyu mtoto hakupewa dawa!"

Zamda aliinamisha kichwa. Alitaka mwanawe atibiwe haraka, mabishano hakuyataka. "Tulisahau. Nisameheni," akasema.

Shamsia roho ilimuuma. Kumpinga mama mbele za watu ni jambo zito, lakini kunyamaza alishindwa.

"Shikamoo daktari. Hatukusahau. Nilimpa kila siku nikitoka shule, na mama alimpa usiku."

"Wewe Shamsia!" mama akamkemea.

"Mwache aseme," alisema Daktari Yusta, ambaye alikuwa ameshaanza kuandika dawa upya. "Ulimpa saa ngapi, mwanangu?"

"Si ulisema kila saa nane? Tulimpa saa nane ya mchana na saa nane ya usiku."

Daktari aliweka kalamu chini. Yeye alimaanisha kila zinapopita saa nane, yaani mara tatu kwa siku. Wao walisubiri saa nane ifike.

"Jamani! Kosa ni langu," alisema. "Na hapa nilikuwa naandika maneno yaleyale."

Sabiri alilazwa, akawekewa oksijeni na kuchomwa sindano. Zamda alikaa pembeni mwa kitanda hana hamu ya kula, mpaka asubuhi moja mtoto alipoomba uji, akaumaliza, akadai mwingine. Zamda alicheka huku machozi yakimtoka.

Lakini Daktari Yusta hakutulia. Alianza kumuuliza kila mgonjwa kabla hajaondoka: "Hebu nieleze, dawa hii utaitumiaje?" Wengi walieleza vingine kabisa! Mwishowe aliacha kazi ya wodini, akaenda kusomea utafiti wa usalama wa wagonjwa, yaani kuchunguza jinsi mgonjwa anavyoweza kudhurika akiwa mikononi mwa wanaomtibu. Watu wakamsema: "Daktari gani hatibu? Huyo kachoka kazi tu." Yeye akazunguka vituo vya Korogwe na Handeni, akiuliza makosa yalitokeaje, bila kumgombeza mtu.

Siku moja alifika shuleni kwao Shamsia. Kaleb, mvulana asiyeficha neno, akamuuliza, "Daktari, mbona umeacha kututibu?"

"Sijawaacha," alijibu akitabasamu. "Natafuta makosa yetu kabla hayajawafikia. Nanyi nisaidieni. Mkipewa maelekezo ya dawa, yarudieni kwa maneno yenu. Na mkiulizwa, semeni mlichofanya kweli, hata kama mnaogopa kugombezwa."

Kisha akamgeukia Shamsia, na tabasamu likafutika usoni.

"Siku ile sisi watu wazima tulikuwa tumeshakubaliana na uongo, kwa sababu ulikuwa rahisi. Huyu naye angenyamaza, tungemzika Sabiri, halafu tungesema mama yake ni mzembe."